Kompyuta ya Kikundi: Tuchague Linux Gani?

Safari hii tuzungumzie kompyuta. Zamani hii ilikuwa habari ya watu wa Nairobi, lakini siku hizi imetufikia hadi huku Yatta. Kikundi cha akina mama hapa Matuu kinaweza kuwa na kompyuta moja ya mtumba, imefunikwa kitambaa kama televisheni ya sebuleni, na ndani yake mna daftari la michango, orodha ya waliokopa, na barua zote zilizowahi kuandikwa kuomba tangi la maji. Kompyuta hiyo imenunuliwa kwa jasho la mwethya na kwa shilingi za kila wiki. Halafu siku moja fundi anaiangalia, anatikisa kichwa na kusema: "Hii imezeeka. Nunueni nyingine."

Je, ni kweli? Mara nyingi si kweli, au ni nusu ya kweli. Kilichozeeka si chuma, ni programu iliyo ndani. Na programu inaweza kubadilishwa bila kikundi kuchanga tena.

Chanzo cha maneno hayo ya fundi ni hiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, ule mfumo tunaoukuta kwenye mashine za mtumba. Wenye kompyuta za nyumbani waliwekewa njia ya kujiandikisha waongezewe mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Mfumo uliofuata, Windows 11, nao una masharti yake: memori ya jigabaiti 4 (tuandike GB 4), nafasi ya GB 64 kwenye diski, kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa prosesa za Intel, hiyo kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu. Ile "ex-UK" yenu ya kizazi cha 4 haipiti hapo mlangoni, hata kama inafanya kazi vizuri kabisa.

Windows 10 haikuzimika siku ile. Inawaka, inaandika, inachapisha. Lakini tundu jipya la usalama likigunduliwa, hakuna anayekuja kuliziba. Kwa kompyuta isiyotoka kwenye intaneti na isiyochomekwa flashi ya mtu, hatari ni ndogo. Lakini tuseme ukweli, kompyuta ya kikundi huchomekwa flashi ya kila mtu, kuanzia ya katibu hadi ya mtoto wa shule aliyekuja kuchapisha kazi yake ya likizo.

Basi njia ni tatu. Kununua mashine mpya. Au kuwekewa Windows isiyo na leseni, ile ya "nitawafanyia bei", ambayo hamjui imechanganywa na nini. Au kuweka mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ambao ni halali, hauna malipo, na unakubali mashine ya zamani. Habari yetu ni ya njia hii ya tatu, kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa.

Unix ni nani?

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza unapowasha kompyuta. Ndiyo inayosimamia kibodi, skrini, diski na printa, na kuzigawia programu nyingine zamu ya kufanya kazi. Ni kama msimamizi wa maji kwenye mfereji wetu wa Yatta. Ukinywesha nyanya zako humfikirii, lakini asipokuwepo kila mtu atafungua maji apendavyo na aliye chini hapati kitu.

Unix ilianza mwaka wa 1969 huko Marekani, katika maabara ya Bell, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ilikuwa mali ya kampuni, lakini mawazo yake yalikuwa mazuri mno kubaki mahali pamoja. Mwaka wa 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo unaofanana na Unix ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia na kuugawa. Mwaka wa 1991 kijana mwanafunzi wa Helsinki, Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo wake alichokiandika mwenyewe. Kiini hicho ndicho Linux. Kikaunganishwa na kazi ya GNU, na watu wa kila pembe ya dunia wakaanza kuchangia. Ukitafakari, ni mwethya mkubwa sana, isipokuwa hakuna anayeonana na mwenzake shambani.

Kuna na ndugu wengine. FreeBSD, iliyoanza 1993, imetokana na kazi ya Unix ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. macOS ya kompyuta za Apple nayo ni Unix, ila hiyo ni ya kulipia pamoja na mashine yake, tuiache.

Sasa neno "bure" linahitaji kuelezwa, maana watu wetu wameumizwa na vya bure. Mnayajua mahindi ya Katumani, yale yaliyotoka kituo cha utafiti cha hapa Machakos kwa ajili ya sehemu zenye mvua haba. Ukivuna Katumani kompoziti unaweza kuchagua magunzi mazuri, ukaweka mbegu, ukapanda msimu ujao, na ukampa jirani kibaba. Haibridi si hivyo. Kila msimu unarudi dukani, na ukijaribu kupanda ulichovuna mazao yanapungua. Linux iko upande wa Katumani. Leseni yake inawaruhusu kuitumia, kuinakili, kuwapa kikundi jirani, na hata kuifungua ndani mtazame ilivyoundwa. Hakuna atakayekuja kuwadai. Kinachogharimu ni bando la kuipakua, flashi moja, na muda wenu wa kujifunza. Huo muda msiudharau. Ndio gharama yenyewe.

Tayari mnaitumia

Mama mmoja anaweza kusema, "Mimi Linux siiwezi." Kumbe anayo mfukoni! Simu zote za Android, ziwe Tecno, Itel, Infinix au Samsung, zina kiini cha Linux ndani yake. Anapofungua WhatsApp kusoma ujumbe wa kikundi, anatumia kitu ambacho katika miaka yake ya kukua kiliendeshwa na kompyuta za FreeBSD.

Mfano wa karibu zaidi uko hospitalini. Mamia ya vituo vya afya vya Kenya hutunza rekodi za wagonjwa kwa mfumo uitwao KenyaEMR. Umejengwa juu ya OpenMRS, kazi iliyoanza 2004 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na wenzao wa Indiana, Marekani. Kompyuta zake vituoni kwa kawaida huwekewa Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba hii ni michezo ya vijana, mwambieni dawa za watu zinaandikwa humo.

Kiswahili nacho hakikuachwa nyuma. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, waliitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice na kuitoa kwa jina la Jambo. Leo ukiweka Linux unaweza kuchagua Kiswahili, lakini utaona maneno mengine yamebaki Kiingereza. Kwa kikundi ambacho katibu wake amezoea Kiingereza cha kompyuta, ni heri kuacha Kiingereza kuliko kuchanganyikiwa katikati.

Tujiulize kwanza

Watu hukimbilia kuuliza, "Linux ipi ni nzuri?" Hilo ni swali la pili. Mkulima wa Yatta hanunui H614 ya nyanda za juu eti kwa sababu inazaa magunia mengi kule Kitale. Hutazama udongo wake na mvua yake kwanza.

Mashine yenu ina nguvu gani? Kwenye Windows fungueni sehemu ya mipangilio ya mfumo, msome kiasi cha memori, na kama ni ya biti 64 au 32. Ikiwa memori ni GB 4 au zaidi na ni biti 64, mna nafasi ya kuchagua. Ikiwa ni GB 2, chagueni kitu chepesi na msitegemee maajabu, kwa sababu kivinjari cha intaneti peke yake hula memori kama ng'ombe wa gredi anavyokula napia. Mashine ya biti 32, ambayo huwa ya kabla ya mwaka 2008 hivi, inazidi kufungiwa milango hata upande wa Linux. Hiyo msiingize pesa wala muda mwingi.

Hapa niseme jambo moja ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kama kompyuta ni nzito kuamka na ina diski ya kuzunguka, ile ya zamani, kuibadilisha na diski ya SSD ndogo kunaleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha mfumo wowote. Kikundi kikiwa na pesa kidogo za kutumia, zianzie hapo. Halafu memori.

Swali jingine ni kazi. Wengi wetu tunaandika barua, tunajumlisha michango, tunachapisha, tunasoma barua pepe. Hayo yote Linux inayaweza bila shida. Ndani yake mtakuta LibreOffice, programu ya ofisi iliyozaliwa 2010 kutokana na ile OpenOffice, na inafungua faili za Word na Excel. Barua ndefu yenye majedwali inaweza kusogeasogea kidogo ikifunguliwa upande wa pili, kwa hiyo mnapoituma kwa wafadhili itumeni kama PDF. Kwa hesabu kamili za kitabu cha mapato na matumizi kuna GnuCash, nayo ni bure.

Lakini kuna mahali Linux itawaangusha, na ni vizuri mjue mapema. QuickBooks ile ya kuwekwa kwenye kompyuta ya Windows haikutengenezewa Linux. Faili za Excel zenye makro mara nyingi hugoma au hufanya nusu. Kama mhasibu wenu au mfadhili wenu analazimisha mojawapo ya hizi, msibadilishe kompyuta hiyo. Bakini na Windows halali, au wekeni mifumo miwili kwenye mashine moja ikiwa diski inatosha na kuna mtu anayejua kuifanya. Printa pia zichunguzwe. Za HP kwa kawaida hukubali haraka. Baadhi ya printa za bei nafuu za kampuni nyingine husumbua hadi mtu atafute programu yake.

Swali la tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni hili: siku ikikwama, mtamwita nani? Linux inayojulikana na kijana wa saiba pale Matuu, au na mwalimu wa shule iliyo karibu, ni bora kuliko Linux inayosifiwa na mtu aliye mbali ambaye hamtamwona tena. Nendeni mkaulize. Kama mwalimu anatumia Ubuntu, tumieni Ubuntu, hata kama makala hii inasema vingine.

Majina, na maoni yetu

Kiini ni kimoja, lakini kila kundi la mafundi hukifungasha kwa namna yake, likiongeza sura, programu na utaratibu wake. Ndiyo maana majina ni mengi hadi mtu anachoka. Hebu tuyapunguze.

Kwa kikundi kinachotoka Windows, tunapendekeza Linux Mint. Ilianza 2006, na aliyeianzisha ni Clément Lefebvre. Sababu yetu ni ya kawaida sana: menyu iko chini kushoto pale mlipoizoea, kitufe cha kufunga dirisha kiko pale pale, na katibu hatahitaji semina ya siku tatu ili afungue barua. Mint ina sura kadhaa. Cinnamon ni ya kupendeza na inataka nguvu kidogo. Xfce ni nyepesi, na ndiyo ya kuweka kwenye mashine yenye GB 4. Wenyewe wanasema GB 2 za memori ni kiasi cha chini na GB 4 ndizo za kustarehe. Diski GB 20 kwa uchache. Mint 22, iliyotoka 2024, imeahidiwa marekebisho hadi 2029. Muangalie sana hiyo ahadi ya miaka, tutairudia.

Ubuntu ndiyo mama yake, maana Mint kwa kawaida hujengwa juu ya Ubuntu. Ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la huko kusini, maana yake utu. Mkamba halihitaji kutafsiriwa, kwa sababu mtu kwetu ni mundu. Kwa miaka mingi, hadi 2011, walikuwa wakituma CD kwa posta bure hadi Afrika. Ubuntu ina watu wengi wanaoijua na vitabu vingi, lakini sura yake ni tofauti na Windows, na inataka mashine yenye nguvu zaidi. Faili la Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, lina GB 6 hivi, wakati lile la Mint ni kama nusu yake. Kwa mtu anayelipia bando, hiyo si tofauti ndogo. Mkichagua Ubuntu, chukueni ile yenye alama ya LTS. Hutoka kila baada ya miaka miwili, na hupewa marekebisho kwa miaka 5.

Kwa mashine ya GB 2 kuna Lubuntu, ambayo ni Ubuntu iliyovuliwa koti zito, na kuna MX Linux. Zote mbili zinaweza kufufua mashine dhaifu ikaandika barua na kufanya hesabu. Video za intaneti msizidai sana.

Debian, ya tangu 1993, ni imara kama mwiko wa mninga, na ndiyo iliyozaa Ubuntu yenyewe. Mtu mwenye subira na aliye na msaidizi ataipenda. Kwa anayeanza peke yake, kuna maswali machache zaidi ya kujibu wakati wa kuiweka.

Sasa zile za kuepuka, si kwa ubaya wake bali kwa sababu si zenu. Fedora ni nzuri, lakini kila toleo hupewa marekebisho kwa miezi 13 hivi tu, kisha mnatakiwa kuhamia jingine. Arch husasishwa mfululizo, na ukiiacha miezi mitatu bila intaneti unaweza kurudi ukakuta kazi. Kompyuta yetu ya kijijini hukaa bila bando wiki nyingi, kwa hiyo inataka mfumo unaovumilia kuachwa. Ndiyo sababu ya kuangalia ile ahadi ya miaka. FreeBSD ni ya kuheshimiwa kwenye kompyuta za kutoa huduma, lakini dirisha, sauti na Wi-Fi mara nyingi utavipanga kwa mkono, tena si kila Wi-Fi itakubali.

Na Kali. Lazima tuitaje, kwa sababu vijana wetu wameiona kwenye video za wadukuzi na ndiyo watakayoitaka. Kali ni sanduku la vifaa vya wakaguzi wa usalama. Watengenezaji wake wenyewe wanasema si ya mtu anayejifunza Linux. Kijana akitaka kujifunza hiyo kazi, vizuri, ajifunzie kwenye mashine yake. Isiwe hii yenye orodha ya mikopo ya mama zake.

Jaribuni bila kufuta kitu

Jambo zuri ni kwamba mnaweza kuijaribu Linux kabla ya kuiweka. Inawaka kutoka kwenye flashi, na diski ya ndani haiguswi mpaka nyinyi mseme.

Tafuteni flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa yote. Pakueni faili la Mint mahali penye Wi-Fi nzuri, kwa mfano saiba, si kwa bando la simu ya katibu. Ni GB 3 hivi. Likifika, hakikisheni limefika zima. Kwenye ukurasa wake kuna namba ndefu ya ukaguzi, na mtu wa saiba anaweza kuilinganisha. Faili lililokatika katikati ndilo linalofanya watu wengi waseme Linux ni mbovu. Kisha litieni kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kunakili faili kwa kawaida, kama mnavyonakili picha, hakutafaa.

Zimeni kompyuta, chomekeni flashi, washeni huku mkibonyezabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo kwa kawaida ni F12, kwa HP ni F9. Chagueni flashi. Itachukua dakika chache, halafu mtaiona Mint kwenye skrini.

Hapo msikimbilie kuweka. Kaeni nayo. Sauti inatoka? Wi-Fi inaonekana? Kama haionekani, chomekeni simu kwa waya na kuwasha ule utaratibu wa kugawa intaneti kwa USB. Mara nyingi hiyo hukubali mara moja na kuwasaidia kupata programu ya ile Wi-Fi. Printa inachapisha? Fungueni lile daftari lenyewe la michango, jumlisheni, mwone kama hesabu inatoka sawa. Mweka hazina akae kwenye kiti, si kijana anayejua tayari. Akiweza yeye, wengine wataweza. Mkumbuke kwamba mfumo ulio kwenye flashi ni mzito kuliko utakavyokuwa ukishawekwa kwenye diski.

Kuna faida nyingine ya flashi hii hata kwa wasiotaka kuhama. Mnakijua kile kirusi cha flashi kinachoficha faili zote na kuacha njia za mkato tu, mtu akalia kwamba barua zake zimepotea? Ukichomeka flashi hiyo kwenye Linux, zile faili zilizofichwa kwa kawaida huonekana wazi, pengine ndani ya folda isiyo na jina. Nakilini faili zenu, acheni hayo mengine. Virusi vya Windows haviwezi kukimbia hapo. Lakini visije vikawadanganya: bado viko kwenye flashi, na mkiirudisha kwa kompyuta ya Windows mtaipelekea ugonjwa. Na Linux yenyewe si kwamba haidhuriki. Anayeandika nenosiri lake kwenye ukurasa wa matapeli ataibiwa tu, awe na mfumo gani.

Siku ya kuweka

Nakilini faili zote nje. Si mara moja, mara mbili, kwenye flashi mbili tofauti, na mzifungue kwenye kompyuta nyingine mwone kama kweli zinafunguka. Wakati wa kuweka, mtaulizwa kama mnataka kufuta diski yote. Hilo swali moja ndilo linaloweza kuondoa kumbukumbu za miaka kumi kwa mbofyo mmoja, na halina kurudi. Asiyekuwa na nakala asilijibu.

Hakikisheni pia stima ipo. Kama ni laptopu, betri ijae. Kazi yenyewe ni kama nusu saa hadi saa moja.

Mkimaliza, washeni Timeshift, iliyomo ndani ya Mint. Hupiga kama picha ya mfumo, ili sasisho likiharibu jambo mrudi pale mlipokuwa jana. Lakini sikilizeni: kwa kawaida hiyo huokoa mfumo, si barua zenu. Barua bado zinataka nakala ya nje.

Halafu nenosiri. Kwenye Linux, mwenye nenosiri la usimamizi ndiye anayeweka na kutoa programu, na ndiye anayeweza kufungua faili za kila mtu. Tusimpe kijana aliyetusaidia kisha tusahau. Mambo haya yapitishwe mkutanoni kama tunavyopitisha watia sahihi wa benki: katibu awe nalo, na nakala iwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mwenyekiti. Wengine wafunguliwe akaunti za kawaida, kila mmoja yake. Mtoto akija kuchapisha kazi ya shule kuna akaunti ya wageni.

Mtaulizwa kama mnataka diski ifichwe kwa msimbo. Kama ni laptopu inayobebwa kwenye matatu, tungesema ndiyo, kwa sababu humo mna majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu, na tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019 kuvitunza ni wajibu wa anayevikusanya. Kama ni kompyuta ya mezani inayokaa chumba kilichofungwa, mnaweza kuacha. Mkikubali na nenosiri hilo likapotea, hakuna fundi wa Matuu wala wa Nairobi atakayewafungulia.

Mwezi wa kwanza utakuwa na manung'uniko. Mtu atatafuta kitu pale alipozoea asikione, aseme turudi kule. Mpeni mwezi. Hifadhini Windows na nakala zenu kama mliweka mifumo miwili, na mwisho wa mwezi mwulize mweka hazina, si mwingine, kama kazi yake inakwenda. Masasisho yafanyeni mara moja kwa mwezi mkiwa na intaneti nzuri, siku ile ile ya mkutano ili isisahaulike.

Na ile flashi ya kuwekea msiifute. Iandikeni jina na mwaka, muiweke kwenye sanduku la kikundi pamoja na vitabu. Mkisikia kikundi cha jirani kimeambiwa na fundi kinunue kompyuta nyingine, wapelekeeni waijaribu kwanza kwenye ile waliyo nayo.